Lori Lisitoke Yadi Kabla Mzigo Haujafungwa Sawasawa

Tani 10 za vigae vilivyopangwa kwenye paleti (majukwaa ya mbao ya kupakilia), juu ya trela bapa isiyo na kuta za pembeni, zinahitaji watu wawili na takriban dakika 45 ili kufungwa vizuri. Katika yadi nyingi muda huo haupatikani. Paleti ya mwisho ikishapanda, lori la nyuma linapiga honi, lango linafunguliwa, na dereva anaambiwa akamalizie kufunga huko nje, kando ya barabara. Makala haya ni ya madereva na mataniboi, lakini hasa ni ya wenye mali na wasimamizi wa yadi, maana haraka hiyo hutoka kwao.

Tuanze na nguvu zinazosukuma mzigo. Dereva akikanyaga breki ghafla, lori linapungua mwendo lakini mzigo unataka kuendelea mbele. Viwango vya Ulaya na kanuni za Marekani vinataka mzigo uzuiwe kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea pembeni na nyuma. Kwa tani 10, hiyo ni tani 8 zinazosukuma kuelekea kebini, na tani 5 zinazosukuma pembeni kwenye kona kali.

Msuguano kati ya paleti na sakafu ya mbao iliyo kavu na safi huzuia kama asilimia 40 ya uzito, yaani tani 4. Zinabaki tani 4 za kushughulikia. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa husoma nambari isiyofaa kwenye lebo ya mkanda. Mkanda wa racheti (kifaa chenye mpini cha kukazia mkanda) wa milimita 50 mara nyingi huandikwa LC 2,500. Hicho ni kiasi, kwa takriban kilo, ambacho mkanda unaweza kustahimili ukivutwa moja kwa moja. Nguvu ya kubana inayotokana na mkono wa mtu kwenye racheti huandikwa STF, na kwa racheti za kawaida ni kama kilo 300. Mkanda uliopita juu ya mzigo ukabana pande zote mbili hukupa kilo 600 za kukandamiza chini, na kwa msuguano uleule, kilo 240 tu za kuzuia mzigo usiteleze. Gawanya kilo 4,000 kwa 240: unahitaji mikanda 17. Hiyo ni hesabu ya chini kabisa, kabla ya kuongeza akiba ya usalama. Lori lenye mikanda minne halijafunga mzigo huo, hata kama kwa macho unaonekana umekaza.

Dawa si kununua mikanda 17. Ya kwanza ni kusukuma mzigo hadi uguse ukuta wa mbele wa trela, ili ukuta ubebe sehemu ya nguvu ya breki. Ya pili ni kutandika vipande vya mpira maalumu chini ya paleti. Msuguano ukipanda hadi asilimia 60, zinabaki tani 2 tu, kila mkanda unazuia kilo 360, na hesabu ileile inashuka hadi mikanda 6. Lakini mpira hutandikwa kabla paleti haijawekwa. Mzigo ukishakaa, nafasi hiyo imepita. Ndiyo maana ufungaji hupangwa kabla ya kupakia.

Kuna tatizo moja linalotokana na mizani. Lori linalopita Gilgil au Webuye hupimwa uzito wa kila ekseli, na dereva mwangalifu hurudisha mzigo nyuma kidogo ili ekseli za mbele zisizidi. Ni sawa kufanya hivyo. Kosa ni kuacha pengo la mita moja kati ya mzigo na ukuta wa mbele likiwa tupu, kwa sababu mzigo unapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga. Pengo lizibwe kwa paleti tupu au mbao nzito zilizobanwa zisiweze kusogea. Na mizani kukuruhusu kupita hakusemi lolote kuhusu ufungaji.

Nondo ni hatari kuliko vigae. Chuma juu ya chuma huteleza kwa urahisi, hasa kikiwa na mafuta au maji, kwa hiyo fito za katikati ya furushi zinaweza kuchomoka kuelekea kebini ilhali za nje zimetulia. Kila furushi lizungushiwe mkanda au mnyororo mzunguko mzima, si kupitishiwa juu tu, na ncha zote ziguse ukuta wa mbele ulio imara. Mabati nayo hukata mikanda: weka vilinda kona kila mahali mkanda unapopinda. Mzigo wa chini na mpana, kama rundo fupi la mabati, hudanganya, kwa kuwa mkanda hulala badala ya kusimama. Ukiwa na pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, nguvu yake ya kukandamiza ni nusu tu.

Kuhusu mkanda wenyewe: usifunge fundo, kwani fundo hupunguza nguvu yake mno. Uliokatika zaidi ya sehemu moja ya kumi ya upana wake utupwe. Acha mizunguko miwili hadi mitatu kwenye mhimili wa racheti, wala usirefushe mpini kwa bomba. Kamba ya katani haifai kabisa kwa kazi hii: ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea, na mvua za alasiri za Kericho zinatosha kuyafanya yote mawili katika safari moja.

Mzigo hujishindilia njiani, mikanda ikalegea bila mtu kuigusa. Kila tuta hurusha mzigo kidogo, na katika dakika hiyo msuguano hupungua. Kwa lori linalotoka Nakuru kwenda Kisumu, simama Salgaa ukaze upya, kisha Kericho, kabla ya mteremko wa kuelekea Awasi na Ahero, ambako breki hutumika sana. Safari ndefu zaidi ikaguliwe angalau kila baada ya saa 3. Kila kituo huchukua dakika 10, na muda huo uwe kwenye ratiba ambayo mwenye mali amekubali.

Yadi nayo itenge nafasi ya kufungia ndani ya lango, mbali na kreni, ili lori lililopakiwa lipishe linalofuata bila kusukumwa barabarani.

Mkifika, zungukeni lori kabla ya kugusa racheti. Mzigo uliohama njiani huwa umeegemea mikanda, na mkanda wa kwanza kufunguliwa unaweza kuuangusha upande wa pili. Asisimame mtu yeyote upande huo, na paleti iliyoegemea ishikwe kwanza kwa foklifti au kreni.