DeMeco Ryans hakutuzwa kwa kucheza kwao

Jumapili tulikuwa sebuleni kwa jamaa hapa Houston, sahani za pilau mapajani, Texans, timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji huu, wako uwanjani, na kama kawaida mmoja akalitoa: "Huyu kocha kapewa timu kwa kuwa aliichezea. Mcheza kwao hutuzwa." Wenzake wakaitikia. Nafundisha malainibeka (walinzi wa safu ya pili) wa shule ya sekondari, huu mwaka wa tisa, na methali hiyo nimeisikia ikibandikwa kwa DeMeco Ryans, kocha wa Texans, mpaka imenichosha. Pale pale nilijibu kwa ufupi. Jibu refu ni hili.

Uchezaji wake naupitia mbio. Chuo cha Alabama, akachaguliwa na Texans wa 33 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2006, akawa mlinzi chipukizi bora wa ligi msimu huohuo. Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara mbili. Kano ya kisigino ikakatika 2010. Wakampeleka Philadelphia 2012, na huko ikakatika nyingine 2014, siku wanacheza na Texans haohao. Baada ya msimu wa 2015 hakucheza tena. Basi.

Sasa panaponiuma. Alirudi NFL mwaka 2017, timu ya San Francisco, kwa cheo cha udhibiti wa ubora upande wa ulinzi. Utadhani kazi ya kiwanda cha sabuni. Ukweli ni ukarani wa video. Unaikata video ya mpinzani plei moja moja (toka mpira unapoanzishwa hadi unapokufa), na kila kipande cha sekunde chache unakiandikia: dauni (jaribio) ya ngapi, yadi ngapi zimebaki, taiti-endi (wazuiaji wanaopokea pia pasi) wangapi, nani kasogea kabla ya snapu, yaani kabla mpira haujaanzishwa. Ukimaliza vipande sitini na ushei vya mechi moja, unafungua mechi nyingine. Kisha unachora kadi za mazoezi, miduara na mishale, watu wengine wazishike uwanjani. Hapo ndipo alipoanzia mtu wa Pro Bowl mbili.

Nani anahitaji hayo kama alicheza? Mimi nilihitaji. Lainibeka humsoma gadi, mzuiaji wa mstari wa mbele wa mpinzani: akiinuka ni pasi, akichomoka kwenda pembeni unamfuata. Mwaka wangu wa kwanza wa ukocha kijana mmoja akaniuliza, "Kocha, nimwangalie mabega au miguu?" Nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimelifanya jambo hilo miaka yote ya chuo na sikujua macho yangu yalikuwa wapi. Ilibidi nifukue video zangu za zamani na kuzirudisha nyuma taratibu, ndipo nikaona: nilikuwa natazama nyonga. Mwili ulijua, mdomo haukujua. Ukarani ule ndio unaoufundisha mdomo.

Mwaka 2018 wakampa malainibeka wa kati. Fred Warner, mmoja wa malainibeka hao, aliingia mwaka huohuo, raundi ya tatu ya uteuzi, na 2020 akawa All-Pro kikosi cha kwanza, yaani kati ya walio bora wa msimu. Mwaka 2021 Ryans akapewa ulinzi wote, na 2022 hakuna timu iliyoruhusu pointi chache kuliko yake. Texans walimchukua Januari 2023. Hiyo ni misimu sita ya foleni, na watu wananiambia jina!

Mnaotaka kuona jina tupu, mtazameni Jeff Saturday. Senta (mwanzisha mpira) hodari wa Colts ya Indianapolis, Novemba 2022 akatolewa kwenye televisheni na kupewa timu hiyohiyo, naye hakuwa amefundisha popote zaidi ya sekondari. Mechi ya kwanza akashinda, simu yangu ikajaa vicheko. Saba zilizofuata akapoteza zote, mojawapo akiwa anaongoza 33-0 mapumzikoni kwa Minnesota. Iliisha 39-36.

Ila hoja yangu nayo ina mguu mbovu, na jina lake ni Mike Singletary. Lainibeka wa Hall of Fame, ukumbi wa magwiji, alianza kama kocha msaidizi, foleni aliipanga, na bado ukocha mkuu wa San Francisco ulimshinda: ushindi 18, vipigo 22.

Na kucheza kulimsaidia Ryans, sibishi, lakini ni kwa sababu ya *nafasi* aliyocheza. Tangu 2008 mlinzi mmoja huwekewa redio ndani ya kofia, na kwa kawaida ni lainibeka wa kati. Anapokea maagizo, anawapangia kumi wengine kabla ya snapu. Houston walimwita "Cap", yaani nahodha. Konabeki, mlinzi wa pembeni, anaweza kucheza miaka kumi bila kujua beki wa upande wa pili anafanya nini.

Texans walishinda mechi 3 mwaka 2022, wakashinda 10 mwaka 2023. Mkono wa kocha? Aprili hiyohiyo walimchagua kwotabeki (mpiga pasi) C. J. Stroud wa pili na mlinzi Will Anderson wa tatu, na wote wawili wakawa chipukizi bora, mmoja wa mashambulizi, mwingine wa ulinzi. Kila nikijaribu kuutenganisha mkono wa Ryans na wa Stroud nashindwa, na makocha wenzangu wanaodai wanaweza siwaamini.

Jamaa wa methali alinisikiliza mpaka matangazo yakaisha. Kisha akasema, "Sawa, kocha. Na timu yenu ya shule imeshinda ngapi?"

Mbili.