AA, AS au AAS: Soma Herufi Kabla Hujajiandikisha Koleji ya Jamii

Koleji za jamii za Marekani hutoa digrii ya miaka miwili ya namna tatu kuu, na kwenye fomu ya kujiandikisha tofauti yake ni herufi tu. AA (Associate of Arts) na AS (Associate of Science) ni za anayekusudia kuhamia chuo kikuu na kumaliza shahada ya kwanza. AAS (Associate of Applied Science) ni ya anayetaka kutoka darasani na kuingia kazini moja kwa moja. Zote zina krediti zipatazo 60, hufundishwa kwenye majengo yale yale, na siku ya mahafali wote huvaa joho. Ndiyo maana wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, wawe Houston, Dallas, Columbus au Phoenix, ni rahisi wajaze fomu bila kuuliza, na tofauti ije kujitokeza mwaka wa tatu, chuo kikuu kinapotoa tathmini ya krediti na masomo mengi hayamo.

Makala haya yanatumia Texas kama mfano, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa wazi na namba za masomo yake zinasomeka. Kama unaishi jimbo jingine, majina yatabadilika lakini maswali ni yale yale.

Krediti 42 na krediti 15

Vyuo vya umma vya Texas vina masomo ya msingi ya pamoja yenye jumla ya krediti 42: mawasiliano 6, hesabu 3, sayansi 6, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6, na zinazobaki zimegawanywa kwenye sanaa, falsafa na utamaduni, sayansi za jamii na masomo ya kuchagua. Ukiyamaliza yote kwenye koleji ya jamii, chuo kikuu cha umma ndani ya Texas hupaswa kuyapokea yote kwa pamoja badala ya kuyachambua moja moja. AA na AS zimejengwa juu ya masomo hayo.

AAS hudai angalau krediti 15 tu za masomo ya jumla. Zilizobaki ni ujuzi wenyewe. Anayesomea ufundi wa viyoyozi anahitaji saa nyingi za kushika geji, kupima umeme na kujiandaa kwa mtihani wa EPA 608, wa shirika la mazingira la serikali kuu, ambao bila kuufaulu haruhusiwi kugusa gesi ya kupozea. Kwa lengo lake, AAS ni digrii kamili wala si ya daraja la chini. Tatizo huja mtu anapoichukua huku moyoni anataka uhandisi au ualimu.

Somo la hesabu ndilo linaloumiza wengi

Kila somo la Texas lina herufi nne na tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza ni kiwango: 1 ni mwaka wa kwanza, 2 ni wa pili, na 0 ni somo la maandalizi ambalo haliingii kwenye digrii. Tarakimu ya pili ni idadi ya krediti. Kwa hiyo ENGL 1301 ni uandishi wa mwaka wa kwanza, krediti 3.

Sasa tazama hesabu. TECM 1301 ni hesabu za viwandani, krediti 3, na huwatosha wanafunzi wa AAS nyingi za ufundi. MATH 1314 ni aljebra ya chuo, nayo krediti 3. Kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo, zinakaa jirani na zinaonekana sawa. Chuo kikuu kinaihesabu ya pili kama hesabu ya msingi. Ya kwanza imetoka kwenye orodha ya masomo ya ufundi, na hakuna kanuni inayokilazimisha kuipokea.

Hata ndani ya njia ya kuhamia, hesabu hazifanani. Anayeelekea uhandisi lazima afike MATH 2413, kalkulasi ya kwanza, na mara nyingi hupitia aljebra na trigonometria kabla yake. Anayeelekea biashara huelekezwa MATH 1324 kisha 1325. Anayeelekea ustawi wa jamii au saikolojia anafaa zaidi kuchukua MATH 1342, yaani takwimu. Mwanafunzi aliyechukua takwimu kwa ushauri wa rafiki, kisha akaomba uhandisi, amefaulu somo lakini yuko nyuma kwa mihula miwili au mitatu, kwa sababu kalkulasi hairukwi na ndiyo inayofungua fizikia.

Kupokelewa si kuhesabiwa

Hapa mshauri akiongea haraka, mwanafunzi huondoka na jibu nusu. Ukiuliza, “Krediti zangu zitapokelewa?” utajibiwa ndiyo, na jibu ni la kweli. Lakini chuo kikuu kinaweza kupokea somo na kuliweka kwenye kapu la masomo ya ziada, ambako halipunguzi hata somo moja la fani yako. Swali la kuuliza ni: “Somo hili litachukua nafasi ya somo gani kwenye mpango wa digrii yangu?” Mshauri asipoweza kutaja somo kwa namba yake, hujajibiwa.

Ofisi ya uwajibikaji ya serikali kuu ya Marekani, GAO, ilikadiria kwenye ripoti ya 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Idadi hiyo inajumuisha wanaohama kwa kila namna, na wanaotoka koleji ya umma kwenda chuo kikuu cha umma hupoteza kidogo kuliko hapo. Hata hivyo muhula mmoja uliopotea ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Kuna ukomo mwingine usiotajwa sana: chuo kikuu cha umma cha Texas hakilazimiki kuhesabu zaidi ya krediti 66 za miaka miwili ya mwanzo. Kuendelea kurundika masomo koleji kwa sababu ada ni nafuu kuna mwisho wake.

Uuguzi, njia inayopitiwa na wengi wetu

Ngazi ya kwanza ni CNA, msaidizi wa muuguzi. Sheria ya serikali kuu inadai angalau saa 75 za mafunzo, na majimbo kadhaa yanadai zaidi. Mafunzo haya mara nyingi hayana krediti kabisa, kwa hiyo yanakupa kazi ila hayakusogezi kwenye digrii. Ngazi inayofuata Texas ni LVN, muuguzi wa ngazi ya kati mwenye leseni, kwa cheti cha takriban mwaka mmoja, masomo yake yakianza na herufi VNSG. Kisha RN, muuguzi aliyesajiliwa, kwa AAS ya uuguzi, masomo yake yakianza na RNSG.

Mwenye AAS na mwenye shahada ya kwanza ya uuguzi, BSN, hufanya mtihani ule ule wa leseni, NCLEX-RN, na wote huitwa RN. Baada ya leseni, vyuo vikuu vingi humpokea mwenye AAS kwenye programu ya RN kwenda BSN na kumhesabia mafunzo yake ya uuguzi. Kwa hiyo uuguzi hauna mgongano mkali kama ulivyo ufundi mwingine: unaweza kuanza kazi, kulipwa, na kusoma BSN polepole. Hospitali kubwa nyingi hupendelea BSN, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayomtaka muuguzi mpya aipate ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni. Ukifikiria kuhamia huko, weka hilo kwenye hesabu zako.

Kinachowakwamisha wanafunzi wa uuguzi ni sayansi. BIOL 2404 ni anatomia na fiziolojia ya muhula mmoja. Hutumika kwenye programu fupi. Programu ya RN hutaka BIOL 2401 na 2402, muhula mmoja kwa kila moja, krediti 4 kila moja, pamoja na mikrobiolojia. Aliyechukua 2404 kwa ajili ya LVN ataanza anatomia upya akitaka RN. Ukijua mapema kwamba lengo ni RN, chukua 2401 na 2402 tangu mwanzo. Angalia pia umri wa alama zako: programu nyingi hazikubali sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka 5 au 7 iliyopita.

Kukubaliwa na koleji si kukubaliwa na programu ya uuguzi. Nafasi ni chache na hushindaniwa kwa alama za sayansi na mtihani wa kuingilia. Tena mafunzo ya hospitalini hupangwa na programu, mengine kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee apange kupunguza zamu kabla muhula haujaanza, maana kukosa siku chache tu za hospitalini kunatosha kumtoa mtu kwenye programu.

Kwa kazi nyingine za afya, hakikisha programu ina ithibati inayotambuliwa na watoa leseni. Wapiga eksirei, kwa mfano, tangu 2015 wanatakiwa na ARRT, shirika linalowathibitisha, kuwa angalau na digrii ya miaka miwili, hivyo cheti kifupi cha taasisi binafsi hakitoshi, hata kama tangazo lake linavutia.

Ukiwa tayari na AAS

Usirudi mwanzo kabla hujatafuta shahada ya sayansi tumizi, BAS, ambayo imebuniwa kwa wenye AAS na huhesabu krediti nyingi za ufundi. Koleji kadhaa za jamii za Florida na Washington hutoa zenyewe shahada za miaka minne za aina hii. Washington pia ina AAS-T, yenye masomo ya jumla yanayokubalika zaidi na baadhi ya vyuo vikuu.

Fedha zinafuata herufi ulizojaza

Msaada wa Pell, fedha za masomo za serikali kuu zisizorudishwa, huombwa kwa fomu ya FAFSA. Wenye kadi ya kijani na wakimbizi wanaweza kuomba, wenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hawastahili. Kiwango cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, na maishani hautazidi mihula 12 ya kusoma muda wote. Msaada hulipia masomo yaliyomo kwenye programu uliyotangaza. Ukitangaza AAS huku ukichukua historia na falsafa za kuhamia, masomo hayo yanaweza yasihesabiwe kwenye msaada wako. Badilisha programu kwanza, ndipo ujisajili.

Kwa msaada huo, programu ya krediti 60 ina ukomo wa krediti 90 ulizojisajili kusoma, na zile ulizofeli au kuziacha katikati zimo. Texas pia huzuia kuacha zaidi ya masomo 6 katika kipindi chote cha kusoma shahada ya kwanza kwenye vyuo vyake vya umma. Alama ya D inaweza kutosha koleji, lakini vyuo vikuu vingi hutaka C kwenye somo la fani.

Kabla ya kulipa

Anzia mwisho. Chagua vyuo vikuu viwili au kazi moja. Kama ni chuo kikuu, pakua mpango wa digrii wa fani hiyo wa mwaka huu, uulinganishe na mpango wa koleji somo kwa somo, kisha umwandikie barua pepe mshauri wa kuhamia wa chuo kikuu. Wa koleji peke yake hatoshi. Jibu la chuo kikuu litunze. Kama ni kazi, soma matangazo kumi ya ajira ya mji wako uone yanadai leseni gani, kisha angalia tovuti ya bodi ya leseni kama programu imo. Nenda kwa mshauri mwezi wa tatu au wa kumi. Mwezi wa nane foleni ni ndefu na utapewa dakika chache.

Usipokuwa na uamuzi bado, muhula wa kwanza chukua ENGL 1301, hesabu ya MATH inayofaa fani unazozifikiria, na historia au serikali. Masomo haya kwa kawaida hukaa kwenye nafasi 15 za AAS na pia kwenye 42 za kuhamia. Na ukihamia chuo kikuu kabla ya kumaliza AA, omba krediti za huko zirudishwe koleji. Zikitimiza masharti, utatunukiwa AA ukiwa tayari mwaka wa tatu.