Maana ya picha ya mchongo wa mbao iliyotiwa rangi kwa mkono

Katika vitabu vya zamani vya kufundishia watoto alfabeti, hasa vya Uingereza, jina hili hutajwa kwa picha ambayo mistari yake ilichapwa kwa kibao kilichochongwa, kisha rangi zikapakwa kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine.

Kibao hicho hufanya kazi kama muhuri: mchongaji huondoa kila sehemu itakayobaki nyeupe na kuiacha mistari imeinuka ili ipokee wino. Kwa kuwa kimo chake kililinganishwa na kile cha herufi za chapa zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, herufi na picha yake zilichapwa pamoja kwa mkandamizo mmoja, jambo ambalo bamba la shaba lililochorwa kwa kuchimba mistari halikuliwezesha. Kibao kilidumu pia, hata picha ileile ya paka ikaonekana katika vitabu kadhaa.

Wauzaji wa vitu vya kale huchanganya aina mbili. Mchongo wa awali ulikatwa kwa kisu kwenye ubavu wa mbao, kufuata nyuzi zake. Mwingine, ambao Thomas Bewick wa Newcastle (1753–1828) aliupa umaarufu, ulichongwa kwa ncha ya chuma pale nyuzi zinapoishia, kwenye mti mgumu wa Buxus, na mistari yake ni myembamba zaidi.

Upakaji rangi ulikuwa kibarua, na mara nyingi kibarua cha watoto. Waliketi kuizunguka meza, mmoja akapaka nyekundu tu na kumsogezea karatasi mwenzake wa buluu. Ndiyo maana rangi huvuka mstari, na nakala mbili za kitabu kimoja hazifanani kamwe. Hata hivyo, rangi iliyovuka mstari si ushahidi kamili, kwani huenda iliongezwa na mtoto mwenye kitabu, au na muuzaji wa leo anayetaka bei nzuri.

Kuanzia miaka ya 1860 Edmund Evans wa London alichapa vitabu vya watoto kwa vibao kadhaa, kila kimoja na rangi yake, na brashi ikapungukiwa na kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1890, mchoraji William Nicholson alipotoa kitabu chake cha alfabeti, wanunuzi wa kawaida walipewa picha zilizochapwa kwa litografia, yaani kutoka jiwe au bamba bapa lisilochongwa. Zilizopakwa kwa mkono ziliwekwa katika toleo la nakala chache, la bei ya juu.