BOD ndogo si cheti cha usafi

Juhudi za kusafisha Mto Nairobi zimeleta wageni wengi katika maabara yetu, hasa wenye viwanda vya ngozi na karakana za kupaka vyuma kromiamu. Mtu anafika na karatasi inayoonyesha BOD (oksijeni ambayo bakteria hutumia kula uchafu ulio majini) ya miligramu 12 kwa lita, anauliza mbona bado asumbuliwe ilhali Kanuni za Ubora wa Maji zinaruhusu hadi 30. Swali ni halali. Jibu huwa liko mstari wa pili wa karatasi yake mwenyewe: COD (oksijeni inayohitajika kuchoma uchafu kwa kemikali) 900.

BOD hupimwa kwa bakteria walio hai. Sampuli hufungiwa chupani, gizani, kwa nyuzi 20, siku 5, kisha tunaangalia wametumia oksijeni kiasi gani wakila uchafu. Maji yakiwa na kromiamu, shaba, sianidi au klorini, bakteria hufa au hulemaa. Uchafu unabaki palepale, oksijeni haijaguswa, na karatasi inapendeza. COD haitegemei kiumbe yeyote. Asidi na dikromati ndizo zinazochoma uchafu.

Sumu hujifichua tunapozimua. Mchanganyiko wenye asilimia 10 ya sampuli ukitoa BOD ya 50, na wenye asilimia 1 ukatoa 300 (hesabu zote zikiwa zimerudishwa kwa maji yasiyozimuliwa), hatutafuti wastani. Sumu ilipopungua makali bakteria walipata nafuu wakaanza kula, na hata hiyo 300 huenda ni ndogo kuliko ukweli.

Na jamani, kumimina klorini shimoni asubuhi ya ukaguzi ni kazi bure. Tunaipima kwanza, tunaiondoa kwa sodiamu salfaiti, kisha tunaongeza bakteria wapya.

Kuelekeza bomba kwenye mfumo wa maji taka hakukuokoi pia. Mitambo ya Kariobangi na mabwawa ya Ruai husafisha kwa bakteria haohao, na sumu yako itawadhuru nao.

Sampuli iletwe siku hiyohiyo inapochotwa, ndani ya barafu, katika chupa safi (ya soda hatupokei), na fomu itaje mahali, saa na kila kemikali inayotumika. Fomu isiyotaja kemikali inarudishwa. Leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ya kumwaga maji taka hutolewa kwa mwaka mmoja. Anayepatikana na hatia ya uchafuzi chini ya kifungu cha 142 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 hukabiliwa na faini, na juu yake mahakama inaweza kumwamuru alipe gharama yote ya kusafisha alipoharibu.