Peponi ikisomwa kutoka Mbeya

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wasomaji wa hapa Mbeya ni hili: "Mwalimu, hizi riwaya za kutafsiriwa zinazopewa tuzo huko nje zinatuhusu nini?" Anayeuliza huwa hana dharau. Amezoea tu kuvigawa vitabu mafungu mawili: vya kwetu, yaani vya Kiswahili na vya kujibia mtihani, na vya dunia, ambavyo ni vya watu wengine. Mimi nafundisha fasihi na kufanya kazi ya tafsiri, na jibu langu ni kwamba riwaya hizo zinatuhusu leo kuliko zamani, kwa sababu nyingi sasa zinatoka vijijini na kwenye miji midogo, katika lugha ambazo hazikuwa zikisomwa nje ya kwao. Tena sisi wa nyanda za juu kusini tuna mahali petu pa kusimama tunapozisoma. Msomaji wa London hawezi kusimama hapo, na wa Zanzibar pia hawezi.

Nianze na kitabu kilicho karibu. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Gurnah kuingia Kiswahili, miaka 28 baada ya kuandikwa. Yusuf, mvulana wa miaka 12, anaondoka kwao ghafla akifuatana na tajiri Aziz, ambaye siku zote amemchukulia kuwa ndugu wa baba. Anafikishwa dukani kwa Aziz pwani, na huko kijana mwenzake, Khalil, anamfungua macho: huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Baadaye anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara, chini ya mnyapara mkali aitwaye Mohammed Abdalla.

Hapo kwenye msafara ndipo ninapotaka kukaa. Wafanyabiashara wa riwaya hii, watu wa pwani, wanawazungumzia watu wa bara kama washenzi. Wanawaogopa, wanawacheka, wanahadithiana mambo ya kutisha juu yao usiku. Msomaji wa kawaida husafiri na msafara huo. Macho yake ni macho ya Yusuf, na vijiji vinamtokea mbele kama vitu vya kutishia. Sasa mpe kitabu hichohicho msomaji wa Rungwe, wa Ileje au wa Kalenga. Huyu ni wa kijijini kule msafara unakokwenda. Akisoma neno linalosemwa juu ya watu wa bara anajua linamsema nani. Nimeona watu wakiinua kichwa kwenye ukurasa kwa sababu hiyo.

Katika kikundi chetu cha usomaji (tuna walimu, muuguzi, fundi cherehani wa Mwanjelwa na mzee mmoja mstaafu wa TAZARA) mjadala mrefu kuliko yote ulimhusu Chatu. Chatu ni mtawala wa ng'ambo ya ziwa anayeukamata msafara wa Aziz na kuchukua mali yote. Wachambuzi wengi humtaja kama janga linalomwangusha tajiri. Mzee wetu hakukubali. Akauliza: "Mwalimu, huyu amesema kabisa kwamba mfanyabiashara aliyetangulia alimdhulumu. Kwa nini tumwite mwizi?" Nami naona ameusoma ukurasa kwa makini kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu Gurnah kwa makusudi amempa Chatu nafasi ya kutoa shauri lake, na ni shauri zito. Kwa msomaji wa Iringa, aliyekua akisikia jinsi Mkwawa alivyotoza hongo, yaani ushuru wa kupita, misafara iliyopita kwenye nchi yake, Chatu si kioja. Ni mtawala anayelinda mlango wake.

Kiswahili cha Hadjivayanis kimesaidia sana jambo hili, na pa kulionea ni dukani: utani wa Khalil na wateja wake, Ma Ajuza, mmoja wa wateja hao, akimtania Yusuf, maneno ya wachukuzi njiani. Kwa Kiingereza mazungumzo yale yanaeleweka. Kwa Kiswahili yanasikika, na matusi yanauma. Ningeshauri sehemu za dukani zisomwe kwa sauti, watu wawili wakipokezana.

Ukimaliza Peponi, kitabu cha kufuata kwa maoni yangu ni Celestial Bodies cha Jokha Alharthi wa Oman. Kiliandikwa kwa Kiarabu na kutoka mwaka 2010, kikatafsiriwa Kiingereza na Marilyn Booth, na mwaka 2019 kikashinda Tuzo ya Kimataifa ya Booker, kitabu cha kwanza cha Kiarabu kufanya hivyo. Kinafuata dada watatu wa kijiji cha al-Awafi: Mayya, Asma na Khawla. Mwanzoni Mayya ameinamia cherehani yake ya Singer. Mama yake anadhani binti hana habari na kitu kingine duniani ila kushona, kumbe moyoni amejaa mapenzi kwa mwanamume ambaye hata hajamsemesha. Fundi wetu wa Mwanjelwa aliusifu ukurasa ule. Alisema mtu akiwa kwenye cherehani hakuna anayemuuliza anawaza nini.

Lakini mzigo wa riwaya hiyo kwetu uko kwa Zarifa. Huyu ni mtumwa katika nyumba ya tajiri Sulayman, ambaye watu wanajua anauza tende na wanajua pia kwamba utajiri wake umetokana na biashara ya watumwa. Zarifa ndiye aliyemlea Abdallah, mtoto wa Sulayman na mume wa Mayya. Alharthi anaweka uchungu wa kuzaliwa kwa Zarifa siku ileile, tarehe 25 Septemba 1926, ambayo mataifa yalitia saini Geneva mkataba wa kukomesha utumwa. Mama anajifungua mtumwa, na mbali sana watu wanaandika kwamba utumwa umekwisha. Hasemi zaidi ya hapo, anaendelea na hadithi.

Kwetu hii si habari ya Waarabu peke yao. Njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa zilipita kusini kwetu, na waliofungwa minyororo walitoka katika nchi hizi. Peponi inakupeleka na wanaokuja kununua. Celestial Bodies inakuonyesha nyumba ambamo waliouzwa na watoto wao walizeekea. Ukivisoma viwili hivyo mfululizo unapata historia ambayo kitabu cha shule hukupa kwa aya mbili. Ugumu wake ni kwamba wakati unarukaruka na majina ni mengi, kwa hiyo chora mti wa ukoo kwenye karatasi kabla hujafika ukurasa wa ishirini.

Kwa anayetaka kitabu kifupi, kuna At Night All Blood Is Black cha David Diop, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 2018, mtafsiri Anna Moschovakis, mshindi wa Booker hiyohiyo ya Kimataifa mwaka 2021. Alfa Ndiaye, askari kutoka Senegal katika vita ya kwanza ya dunia, anashindwa kummaliza rafiki yake anayemwomba amuue ili asiteseke. Baada ya hapo anaanza kurudi kwenye mahandaki na mikono ya maadui aliyoikata. Wenzake wanamshangilia mwanzoni, halafu wanamwogopa. Sentensi ni fupi na zinajirudia kama za mzee anayesimulia kwa mdomo, kiasi kwamba aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kiko hai atafika mwisho. Nakitaja kwa sababu vita ile ilifika mlangoni kwetu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walipita Njombe mwaka 1918, na walisalimu amri Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa njaa na maradhi pande zote mbili. Riwaya ya mpagazi wa Ubena bado naisubiri.

Heart Lamp cha Banu Mushtaq, mshindi wa 2025, ni hadithi fupi 12 za wanawake wa Kiislamu wa kusini mwa India, na kwa kikundi hadithi fupi ni rahisi kuliko riwaya. Tomb of Sand cha Geetanjali Shree, cha 2022, kina mama wa miaka 80 anayeamka kitandani na kuamua kuvuka mpaka kwenda Pakistan. Ni kirefu na kinacheza sana na lugha. László Krasznahorkai, Nobel 2025, sentensi yake moja huweza kujaza kurasa. Ni mwandishi mkubwa, lakini usianze naye.

Nieleze kidogo hiyo tuzo ya Booker inavyofanya kazi, kwa sababu watu huisoma vibaya. Tangu 2016 Tuzo ya Kimataifa ya Booker hutolewa kila mwaka kwa kitabu kimoja kilichotafsiriwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza au Ireland. Paundi 50,000 hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mtafsiri, jambo ninaloliheshimu mno. Kwa hiyo orodha yake si ya vitabu bora vya dunia. Ni orodha ya vile ambavyo wachapishaji wa Kiingereza wameamua kuvibeba. Hata hivyo angalia lugha za washindi kutoka 2016 hadi 2025: Kikorea, Kiebrania, Kipolandi, Kiarabu, Kiholanzi, Kifaransa, Kihindi, Kibulgaria, Kijerumani, Kikannada. Miaka kumi, lugha kumi, hakuna iliyojirudia. Kikannada ni lugha ya jimbo moja la India, Karnataka. Kiswahili hakimo, na sababu si uchache wa hadithi. Mkusanyiko wa No Edges, hadithi za Kiswahili kwa Kiingereza, umetoka Marekani 2023 tu, ukiwa na waandishi kama Fadhy Mtanga, Lilian Mbaga na Lusajo Mwaikenda Israel. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, imefika Kiingereza 2025 kwa mkono wa Jay Boss Rubin. Tumechelewa kutoka, na tumechelewa zaidi kupokea.

Utajuaje tafsiri ni nzuri kama husomi lugha chanzi, yaani ile kitabu kilimoandikwa kwanza? Mimi hutazama mazungumzo. Bibi wa miaka 70 na kijana wa bodaboda wakizungumza kwa Kiswahili kimoja, cha taarifa ya habari, mtafsiri ameshughulikia maana akasahau watu. Natazama pia heshima: nani anamwita nani mama, nani anathubutu kumtaja mtu kwa jina, nani ananyamaza mkubwa akiingia. Kiingereza huficha mengi ya hayo nyuma ya "you" moja, na mtafsiri wa Kiswahili analazimika kuamua upya katika kila ukurasa. Mwisho natazama tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa. Zikiwa tano kwa kila ukurasa, mtafsiri hamwamini msomaji.

Kuhusu kuvipata: maduka yetu ya vitabu Mbeya na Iringa yanaishi kwa vitabu vya kiada, daftari na Biblia, na siwalaumu. Peponi tunaagiza Dar, inakuja kama kifurushi kwenye basi, tukiagiza wengi kwa pamoja nauli inakuwa ndogo. Vya Kiingereza tunanunua nakala moja na kuipokezana, au mwenye simu nzuri ananunua ya kidijiti. Lakini tafadhali, tusizungushiane kwenye WhatsApp nakala za Peponi zilizopigwa picha. Mchapishaji wa Kiswahili aliyethubutu kutoa tafsiri moja anahitaji kuuza ili athubutu ya pili.

Na kuna tafsiri moja ambayo kila anayeuliza riwaya za dunia zinatuhusu nini angepaswa kuijua. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyeichapisha kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa karibu na mwisho wa uhai wake, alifariki 1981. Gabriel Ruhumbika akaitafsiri Kiingereza, ikachapishwa 2002. Kazi kubwa kabisa katika fasihi yetu ni ya kutafsiriwa, na iliokolewa kwa kutafsiriwa.

Ndiyo maana, ninapozungumzia Oman na Karnataka, akili yangu iko pia Tukuyu, Makete na Kilolo. Misheni zimefundisha watu kuandika lugha za huku tangu mwishoni mwa karne ya 19. Nimeonyeshwa madaftari ya Kinyakyusa yaliyokaa sandukuni, yenye masimulizi marefu ya ndoa, njaa na safari za migodini kusini. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, usikimbilie kuliandika upya kwa Kiswahili. Lipige picha kila ukurasa kwanza, pamoja na kurasa zilizochakaa. Acha tahajia ya mwandishi ilivyo. Mwombe mzee anayeijua lugha alisome lote kwa sauti, umrekodi kwenye simu, na umuulize majina ya watu na mahali angali anakumbuka. Kisha mtafute mtafsiri, mkae naye mezani mkianza na ukurasa wa kwanza.