Broka wako wa kwanza: nani atapokea simu?

Jumamosi jioni, wiki ya sita tangu nipate leseni ya wakala wa nyumba Marekani, mteja wangu alinipigia akiwa na ripoti ya ukaguzi mkononi. Msingi wa nyumba aliyotaka kununua ulikuwa na ufa, na mkataba ulimpa hadi saa sita usiku huo kujitoa na kurudishiwa amana yake. Nilijua fomu ya kujitoa ipo. Sikujua ni ipi, wala kama kumwomba muuzaji punguzo kwanza kungemfungia mteja wangu mlango. Nikampigia broka wangu, yaani msimamizi wangu kisheria. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ofisini, mashine ikanisomea saa za kazi. Aliyeniokoa ni wakala wa kampuni nyingine kabisa, niliyesoma naye kozi ya leseni. Fomu tuliituma ikiwa imebaki kama robo saa.

Kampuni yangu ilikuwa imenipa mgawanyo mzuri wa kamisheni, yaani asilimia ninayobaki nayo, kuliko zote nilizozizungukia. Ndiyo sababu pekee iliyonipeleka pale.

Siku hizi mimi ndiye broka, na wanaoanza wanakuja kunihoji. Swali la kwanza ni lilelile: asilimia ngapi? Siwalaumu, nami nililiuliza. Ila nawajibu kwa swali langu: umeshajua hiyo asilimia ni ya nini?

Nazungumzia Marekani, ambako neno letu "dalali" halitoshi. Kwa sheria za majimbo mengi, wakala na broka ni watu wawili tofauti. California inakutaka usome saa 135 kabla ya mtihani wa leseni ya wakala, Texas saa 180, Florida saa 63. Ukifaulu, leseni hiyo bado haikuruhusu kufanya kazi peke yako. Lazima iwe chini ya broka, ambaye anawajibika kisheria kwa unayoyafanya. Kamisheni inalipwa kwa kampuni yake kwanza, kisha kampuni ndiyo inakulipa wewe. Hata mkataba wa kuuza nyumba ya shangazi yako, uliohangaika mwezi mzima kuupata, mwenye mkataba ni kampuni. Kwa hiyo ile sehemu ya kamisheni inayobaki ofisini ni bei ya usimamizi. Kama usimamizi haupo, hata asilimia tano ni ghali.

Sasa tuhesabu, maana hesabu hii watu wengi hawaifanyi hadi mwisho. Chukua mauzo ambayo upande wako unaleta kamisheni ya dola 10,000. Ofisi ya kwanza inakupa asilimia 60 na haina ada ya mwezi. Ofisi ya pili inakupa asilimia 95, lakini unalipa dola 450 kila mwezi na dola 500 kwa kila mauzo. Ukiuza nyumba moja mwaka mzima, ofisi ya kwanza inakuachia dola 6,000 na ya pili 3,600. Ukiuza mbili, ya kwanza ni 12,000 na ya pili 12,600. Ukiuza tatu, ya pili inaiacha ya kwanza mbali: 21,600 dhidi ya 18,000.

Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mgawanyo mkubwa ni mtego. Ofisi ya pili inashinda kuanzia nyumba ya pili. Kinachobaki ni kujua utafikaje kwenye hiyo nyumba ya pili, na akiba yako itadumu miezi mingapi wakati ada inakatwa na hujauza kitu. Kumbuka kwamba hata ukimpata mnunuzi leo, kutoka kusaini mkataba hadi kukabidhi funguo mara nyingi ni siku 30 hadi 45 kama ananunua kwa mkopo, na wewe hulipwi hadi siku hiyo. RE/MAX, kampuni ya uwakala wa nyumba iliyoanzishwa Denver mwaka 1973, ilijijenga juu ya wazo la kumwachia wakala karibu kamisheni yake yote ilhali yeye anachangia gharama za ofisi. Lilikuwa wazo la kuwavuta mawakala wazoefu, wenye wateja wao tayari. Ukiwa ndiyo unaanza, unanunua huduma iliyoshonwa kwa kiwiliwili cha mtu mwingine.

Ada nyingine zipo tu, zihesabu: bima ya makosa ya kitaaluma, uanachama wa vyama vya mawakala, na MLS, yaani orodha ya pamoja ambayo kampuni zinaweka nyumba zinazouzwa. Kwenye bima, usiishie kwenye bei. Uliza ukishtakiwa ni nani anayelipa kile kiasi cha kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Kodi nayo ni yako. Kwa kawaida kampuni haikuhesabu kama mwajiriwa, kwa hiyo haikati chochote kwenye hundi yako, na kodi ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3 kabla hujagusa kodi ya mapato. Nimeona wakala akilia mwezi wa nne, kodi inapodaiwa, kwa sababu alikula hundi zote.

Timu ni habari nyingine. Timu ni wakala mkubwa ndani ya kampuni anayekugawia wateja, na kila mkono unaopitia hundi unachukua chake. Zile dola 10,000: aliyewauzia timu jina na namba ya mteja anachukua robo, zinabaki 7,500. Kampuni inachukua asilimia 20, zinabaki 6,000. Kiongozi wa timu nusu, unaondoka na 3,000. Inauma kuitazama. Lakini kama kiongozi huyo anakubeba kwenye gari lake, anakuacha usikilize anavyojadiliana bei, na anasoma kila fomu yako kabla haijatoka, mimi mwaka wa kwanza ningezichukua hizo 3,000 bila kununa. Tatizo ni timu zinazokukata nusu kisha zinakupa orodha ya namba za simu na kukutakia kila la heri.

Mtu akikufuata kwa bidii mno ujiunge na kampuni yake, muulize kwa upole kama analipwa ukijiunga. Kuna kampuni zinazomgawia aliyekuleta sehemu ya mapato yanayotokana na mauzo yako. Ni halali, na huenda mtu huyo akawa mlezi mzuri kwa kuwa ana faida ukifanikiwa. Ila ushauri wake usiupime kama wa rafiki asiye na maslahi.

Mafunzo, sasa. Kila ofisi itakuonyesha video na ratiba ya madarasa. Mimi ningeuliza jambo moja mahususi. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, kutokana na suluhu ya kesi dhidi ya chama cha taifa cha mawakala, wakala anayetumia MLS anatakiwa awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, na mkataba huo useme wazi malipo yake ni kiasi gani au yanahesabiwaje. Tena ahadi ya kumlipa wakala wa mnunuzi hairuhusiwi kuwekwa kwenye MLS. Maana yake mgeni wa kazi, asiyewahi kufungua mlango hata mmoja, anatakiwa amtazame mtu usoni na kumtajia bei yake kabla ya kumwonyesha chochote. Hilo halifundishwi na video. Mwambie broka akae mahali pa mnunuzi, akubane maswali, kisha uone anavyokurekebisha. Akikupa fomu tu na kusema "utazoea", umeshajibiwa.

Muulize pia kama yeye mwenyewe bado anauza. Broka anayeuza mtaa uleule unaouza wewe ana wateja wake wa kuhudumia saa ile unayomhitaji, na pengine mnagombea mteja mmoja. Sisemi ukatae, wapo wanaoweza yote mawili. Muulize nani anapitia mikataba akiwa safarini. Halafu omba kuzungumza na mawakala watatu wa mwisho kuingia, usikubali akupeleke kwa nyota wa ofisi. Nyota anaipenda ofisi yoyote inayomwacha afanye kazi. Na kabla hujasaini, piga simu ya ofisi jioni ya mwisho wa wiki. Sikiliza tu kinachotokea.

Jambo la mwisho niulizwalo mara chache ni kuondoka. Omba mkataba wa kujiunga uende nao nyumbani, uanze kusoma kurasa za mwisho. Tafuta panaposema mauzo yaliyokwisha kusainiwa lakini hayajakamilika utalipwa kwa mgawanyo upi ukishahama, kwa sababu baadhi ya kampuni zinaushusha. Tafuta panaposema nyumba ulizoleta zinabaki au broka anaweza kukuachia uende nazo. Tafuta kama kuna ada za kulipa ukiondoka kabla ya mwaka. Mimi sikusoma. Miezi minne baada ya ile Jumamosi nilihama, na nyumba mbili nilizoziingiza sokoni zikabaki na ofisi niliyoiacha. Moja ilikuwa ya jirani yangu. Waliiuza vizuri tu, na hadi leo tukikutana ananiuliza kwa nini nilimwacha njiani.