Mpira wa mkojo na mgonjwa anayejinyima maji

"Nesi, maji sinywi. Mkojo utazidi na huu mpira utaniuma." Wiki hii nimeambiwa hivyo na mgonjwa wa tatu, mzee kutoka Kongwa, siku ya tatu tangu apasuliwe tezi dume na kuwekewa mpira unaoingia kibofuni na kumwaga mkojo kwenye mfuko. Joto la Dodoma limemkausha midomo, chupa ya maji iko kabatini haijafunguliwa, na mkojo kwenye mfuko ni mchache, umekolea kama chai ya rangi.

Dhana hii inanichosha kuliko zote, maana inamletea mtu maumivu yaleyale anayoyakimbia. Mkojo uliokolea unawasha kibofu. Na baada ya upasuaji wa tezi dume damu huwa inatoka kidogo kidogo. Mkojo usipopita kwa wingi, mabonge yanaziba mpira, kibofu kinajaa, na hapo ndipo mzee mzima analia. Ukisharuhusiwa kunywa, lenga kama lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari amekupimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Nilimwambia mjukuu wake: "Usimuulize babu kama ana kiu. Kila saa mpe kikombe, anywe taratibu."

Kisha nikafunua shuka. Plasta imebanduka, mpira unaning'inia, kila akigeuka unamvuta. Ndugu zangu, mpira ubandikwe pajani, tena ulegezwe kidogo usikazike akinyoosha mguu! Nilipoubandika upya, uso wake ulilainika kabla hata sijamletea dawa.

Wengine husema, "Nabanwa na mkojo, basi mpira umeziba." Mara nyingi sivyo. Ndani, kwenye ncha ya mpira, kuna kiputo cha maji kinachouzuia usitoke, kwa kawaida mililita 10, kimekaa karibu na mlango wa kibofu, na kibofu kinadhani kimejaa. Ukijikamua kinabana zaidi, mkojo unapenya pembeni. Vuta pumzi taratibu, utuambie. Dawa za kutuliza mbano huo zipo. Lakini mkojo ukiacha kuingia kwenye mfuko na tumbo la chini likavimba, huko ni kuziba kweli. Ita nesi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mfuko usilazwe kitandani wala kubebwa begani mkienda kuota jua. Ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, vinginevyo mkojo unarudi ndani pamoja na vijidudu.

Kusafisha pale mpira unapoingilia kwa dawa kali za kuua vijidudu? Hapana, zinachubua. Sabuni ya kawaida na maji vinatosha. Mwanaume ambaye hajatahiriwa arudishe govi mbele akimaliza, lisije likabana na kuvimba.

Na kuna anayeamini kwamba mpira ukimshinda atauvuta mwenyewe. Kile kiputo bado kimejaa; kitachana njia ya mkojo kikitoka. Sisi hunyonya maji yake kwanza kwa bomba la sindano, ndipo mpira unateleza wenyewe.